Kweli ya Anyesi na Waridi

Jumapili, 9 Juni 1912. Ipagala

Baada ya ibada Mwalimu Methusela aliniita upenuni mwa shule akanipa daftari hili na penseli mbili. Alisema, "Loisi, mavuno yameingia ndani, watu wana nafasi. Kiangazi hiki nataka tupite vijijini tuwasimulie watu habari ya Mama Anyesi na yule mwanamke wa mjini. Mwandiko wako unasomeka. Uandike tunachosema na watu wanachojibu, nimpelekee Padre."

Nikamwuliza kama naweza kuandika na mambo mengine. Akasema daftari lina kurasa nyingi. Basi nitaandika na mambo mengine.

Jumatatu, 10 Juni

Habari yenyewe, kama sote tunavyoijua hapa, ni hii. Miaka kama ishirini iliyopita, mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni, Wadachi walipigana na watu wetu kwa sababu ya ng'ombe na njia ya misafara. Askari waliingia Mzogole alfajiri. Mume wa Mama Anyesi, aliyekuwa amekaa naye mavuno mawili tu, alipigwa risasi mlangoni mwa nyumba yao ya tembe, nayo ikachomwa moto na nafaka yote ndani. Wanawake walifungwa kamba wakachukuliwa. Askari mmoja, Athuman, alimchukua Anyesi akampa mkewe, awe wa kusaga na kubeba mizigo. Mke huyo ndiye Bi Waridi.

Bi Waridi alimtesa. Siku moja alimchoma mkono kwa mwiko uliotoka kwenye ugali wa moto. Kovu nimeliona mara nyingi, maana Mama Anyesi ananifundisha kusuka vikapu. Kisha, anavyosema Mwalimu, Mungu akafungua kamba, Anyesi akatoroka, akafika misheni, akabatizwa. Athuman alikufa katika vita ya kusini. Mwaka juzi, reli ilipofika Dodoma, Mama Anyesi alikwenda kisimani akamkuta Bi Waridi amesimama foleni, mjane, muuza maandazi. Akamsamehe. Siku hizi kila mmoja humtwisha mwenziwe ndoo.

Ni habari nzuri. Ninachotaka kujua ni kwa nini Mama Anyesi hapendi kuisimulia.

Jumatano, 12 Juni

Tulikwenda mjini kumwomba Bi Waridi. Alikuwa anakaanga, hakutuangalia mpaka karai lilipokuwa tupu. Ni mwanamke mrefu, mwenye baibui iliyofifia, na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vimepinda kama makucha. Mwanawe Shaban alikuwa barazani na cherehani yake. Anakanyaga kwa mguu mmoja, kwa kuwa ule wa kulia ni mfupi. Watu husema alianguka kutoka juu ya punda alipokuwa mchanga.

Mwalimu alieleza kwa maneno mengi. Bi Waridi akamtazama Mama Anyesi. "Wewe unataka?"

"Wameniomba," alisema Mama Anyesi.

"Basi nitakwenda. Mwenzangu akimaliza, mimi nitasema, 'Ni kweli.' Msiniulize neno la pili."

Njiani Mwalimu alisifu unyenyekevu wake. Mimi sikuona unyenyekevu. Niliona mtu anayepatana bei.

Jumapili, 16 Juni

Tumesimulia mara ya kwanza hapa kwetu. Watu walijaa hadi nje. Mama Anyesi alisema polepole, macho yake kwenye mikono yake. Alipofika kwenye mwiko, wanawake walilia. Bi Waridi alisimama nyuma yake, akasema, "Ni kweli," akaketi.

Bibi mmoja wa Chigoli, asiyekuwa Mkristo, aliuliza, "Kamba alifungua nani?"

"Mungu," alisema Mwalimu.

"Hilo nimesikia. Nauliza mikono ilikuwa ya nani."

Watu wakacheka, Mwalimu akaanzisha wimbo. Nilimtazama Mama Anyesi. Alikuwa anamtazama Bi Waridi.

Jumatatu, 17 Juni

Upepo kutwa. Katika darasa langu la watoto wamekuja watatu tu.

Jumamosi, 22 Juni

Chigoli. Mwiko umekuwa chuma chekundu. Mama Anyesi hakusema hivyo; ni Mwalimu alipokuwa akirudia maneno yake kwa sauti ili watu wa nyuma wasikie.

Nilimwuliza, "Mwalimu, chuma kimetoka wapi?"

"Watu wa nyuma hawatishwi na mwiko, Loisi."

Jumapili, 30 Juni

Nala. Chuma kimechoma mara tatu. Mama Anyesi alifunika mkono wake kwa khanga, ili watu wasihesabu. "Ni kweli," alisema Bi Waridi, kwa sauti ileile.

Nilimfuata alipokwenda kunawa. "Bi Waridi, shikamoo. Mbona unakubali na yale ambayo hukufanya?"

"Marahaba. Binti, niliwaambia nini kuhusu neno la pili?"

Jumatano, 3 Julai

Nilikwenda mjini kununua chumvi nikakuta watu wamesimama karibu na baraza ya Bi Waridi. Shaban alikuwa ameegemea cherehani. Mteja alikuwa amemsimulia habari ya mama yake, na chuma, na mara tatu. Shaban hakuwa akijua lolote, maskini. Kwake mama yake ni yule aliyembeba mgongoni hadi akawa mkubwa wa kuchekwa na wenzake.

"Mama, ni kweli?" aliuliza.

Alikuwa anapima unga. "Ni kweli."

"Ulimchoma mtu aliyefungwa kamba?"

"Nilimchoma."

Shaban hakupaza sauti. Alifunga cherehani kwa kamba, akamwita mwenye mkokoteni, akaihamishia dukani kwa Mhindi ambaye humfanyia kazi ya kushona. Bi Waridi aliendelea kupima unga. Nilipofika nyumbani nilikuta sikununua chumvi.

Jumapili, 7 Julai

Hatukwenda popote. Mwalimu ana homa.

Jumapili, 14 Julai. Mzogole

Naandika nimekaa nyuma ya zizi, daftari juu ya goti, anayesoma mwandiko huu anisamehe.

Mwalimu alitaka sana tufike Mzogole, kijiji cha marehemu mume wa Mama Anyesi. Alisema hapo ndipo msamaha utakapoonekana. Ni mwendo wa siku moja na nusu. Tulipokelewa vizuri, tukapewa ugali wa uwele na mlenda, na saa tisa mchana watu walikusanyika kwenye uwanja wa kupuria nafaka. Nilihesabu zaidi ya mia mbili. Wengi walikuwa vijana waliozaliwa baada ya vita, na sijapata kuona watu wanaosikiliza kama wale. Mama Anyesi alipotaja jina la mumewe, Chiloleti, wazee wa upande wa pili walijibu kwa sauti moja, kama wanaitikia.

Mwalimu akarudia kwa nguvu. Chuma. Mara tatu. Akaongeza kicheko: eti Bi Waridi alikuwa akicheka.

Bi Waridi alisimama. "Ni kweli," alisema.

Jiwe la kwanza lilimpata begani. La pili lilimpata juu ya jicho, damu ikatiririka hadi kwenye baibui. Kijana mmoja alipiga kelele, "Wauaji wa Chiloleti wamejileta wenyewe!" na watu wote wakainuka. Mwalimu aliinua mikono akisema, "Ndugu zangu, amesamehewa! Amesamehewa!" lakini hakuna aliyemsikia. Mimi nilikuwa nimeshika daftari hili kichwani kama mtoto mwenye kukimbia mvua.

Mama Anyesi ndiye aliyefanya kitu. Alimwangusha Bi Waridi chini, akalala juu yake. Jiwe moja lilimpiga mgongoni, nikasikia mlio wake. Mama wa marehemu Chiloleti, ambaye haoni tena, akauliza, "Mnampiga nani?" Mtu akamjibu, "Anyesi, bibi." Akapiga yowe moja, uwanja mzima ukanyamaza.

Tumelazwa kwake. Bi Waridi amefungwa kitambaa. Ninajiuliza: tulikuja na habari ya msamaha, na watu waliotoka mashambani wakiwa na amani yao wamerudi nyumbani na chuki ambayo jana hawakuwa nayo. Tumewapa sisi.

Jumatatu, 15 Julai. Njiani

Leo nimeambiwa jambo, nami nimeruhusiwa kuliandika, ila si kulisema.

Asubuhi tuliondoka. Mwalimu alitangulia na punda aliyembeba Bi Waridi. Karibu na saa tano tulifika kwenye korongo kubwa la mchanga, mahali watu wanapochimba maji kiangazi. Mama Anyesi aliacha njia akazunguka kwa mbali sana, kwenye miiba, akavukia upande wa juu. Tulipokwenda tulipita hapa jioni na alifanya vilevile. Nilidhani amekwenda haja. Nikamfuata. Nilimkuta ameketi kwenye mchanga, mgongo unamuuma.

"Mama, kwa nini hukupita njiani?"

Alichota mchanga akaumwaga. Nilianza kuchimba maji kwa kibuyu, kwa kuwa sikujua la kufanya.

"Bibi wa Chigoli aliuliza kamba alifungua nani," alisema. "Alifungua Waridi."

Niliacha kuchimba.

"Endelea kuchimba. Nikiona uso wako sitasema."

Basi nilichimba, naye akasema. Asubuhi ya siku ile alichomwa mwiko, kwa sababu ugali ulishika chungu. Kisha msafara ukaondoka. Kila asubuhi walimfungua kamba ili ambebe mtoto wa Bi Waridi, mtoto wa miezi minane. Mtoto huyo ni Shaban.

"Mkono ulikuwa unawaka," alisema. "Mtoto alikuwa anachezea nywele zangu. Tulipofika hapa kwenye korongo, watu walitawanyika kunywa maji. Nikaingia vichakani. Nilimlaza kwenye yale mawe pale, unayaona? Kulikuwa na kivuli cha mti. Sikumweka kivulini, Loisi. Nilimweka juani. Nilichagua."

Nilichimba.

"Nikakimbia kuelekea kile kilima chenye miamba. Alikuwa analia, nami nikawa nakimbia vizuri. Nikafika mahali ambapo simsikii tena. Nikasimama. Sikujua kama amenyamaza au ni mimi niliyefika mbali. Nilitaka kuendelea. Nilikuwa huru, mume wangu amekufa kwa hao, mkono wangu umeiva kama nyama. Lakini sikujua kama amenyamaza. Nikarudi ili nijue."

Alimkuta mtoto amebingirika katikati ya mawe, mguu umevunjika kwenye nyonga, akiwa hai. Akambeba akarudi naye njiani. Msafara ulikuwa umesimama. Bwana mkubwa wa Kidachi alikwisha kusema, kwa mdomo wa mkalimani, mtumwa huyu akipatikana atundikwe mtini hapo hapo, na kamba ilikwisha kurushwa juu ya tawi.

"Waridi alimchukua mtoto. Aliutazama mguu. Alinitazama mimi. Alijua, Loisi, alijua kila kitu kana kwamba alikuwepo. Kisha akageuka akasema, 'Nilimtuma mimi. Nilimwambia akatafute maji mazuri juu huko, aende na mtoto. Mguu umeumia mikononi mwangu asubuhi, nilimwangusha nikaficha.' Athuman alimpiga kwa kitako cha bunduki. Alikinga kwa mkono. Vidole vile ndivyo hivyo."

Jioni yake, kabla jua halijatua, Bi Waridi alimfungua kamba kwa mkono mmoja, akampa kibuyu cha maji, akamwambia aende. Na akamwambia asiseme kamwe. "Alisema, 'Mwanangu asikue na jina la mtu wa kumchukia.'"

Maji yalikuwa yamekuja. Nilimpa. Hakuyanywa.

Jumanne, 16 Julai

Tumefika. Sikulala vizuri. Nimekuwa nikiandika mwezi mzima kwamba Mama Anyesi amemsamehe Bi Waridi. Kila neno ni kweli na habari nzima si kweli.

Alhamisi, 18 Julai

Akida, anayetusimamia kwa niaba ya Wadachi wa boma, ametuma mtu wake. Kwa sababu ya mawe ya Mzogole, mikutano yote imekatazwa hadi atakapotoa ruhusa.

Jumamosi, 20 Julai

Mama Anyesi alimweleza Mwalimu mwenyewe, mbele yangu. Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Usirudie kusema hivyo mahali popote."

"Ndivyo ilivyokuwa, Mwalimu."

"Watu sitini wamejiandikisha kwa mafundisho kwa sababu yako. Wewe ndiye mfano wao. Nikawaambie nini? Kwamba mfano wao ulimtupa mtoto mchanga juani, na aliyefanya la Kikristo ni yule asiyekuwa Mkristo?"

"Waambie hivyohivyo," nilisema. Sikukusudia kusema.

Alinitazama kana kwamba benchi limezungumza. Aliondoka bila kofia yake.

Jumatano, 24 Julai

Nimekwenda kumwona Bi Waridi. Kidonda juu ya jicho kimetunga usaha, uso umevimba. Hakaangi. Shaban anatuma unga na kuni kwa mtu, yeye mwenyewe haji. Nilimkanda kwa maji ya chumvi. Nikamwambia kwamba najua.

Alivuta pumzi. "Anyesi ana mdomo."

"Bi Waridi, kwa nini uliwadanganya siku ile? Mtoto alikuwa wako."

"Unauliza kama mtoto mdogo."

"Nauliza kwa kuwa sijui."

Akafumba jicho lile zima. "Mimi sikuzaliwa mke wa askari. Nililetwa kutoka ng'ambo ya ziwa, nina meno ya utoto. Nilifungwa kamba kama yake. Mwanamke niliyepewa alikuwa akinifinya masikioni kwa koleo la moto. Ana mtoto wake, mnene, nambeba mimi. Kila siku nilikuwa najiambia, leo nitamwangusha mtoni. Kila siku. Sikupata ujasiri tu. Basi Anyesi aliporudi na Shaban, nilimtazama nikajiona. Na mwiko asubuhi ile niliushika mimi." Akaugusa uvimbe. "Ningeweza kumwacha atundikwe. Kesho yake ningepewa mwingine, na ningemchoma na yeye. Niliona hivyo, waziwazi, kama ninavyokuona wewe. Nikaogopa."

"Na yeye alirudi," nilisema.

"Alirudi. Aliyetoroka harudi. Hilo nimelifikiri miaka ishirini na sijalimaliza."

Nilimwambia aseme haya kwa Shaban. Alifungua jicho. "Akinichukia mimi, ni mama yake, siku moja itamwisha. Akimchukia Anyesi, haitamwisha. Mwache anichukie mimi."

Jumapili, 28 Julai

Mwalimu amehubiri kifupi. Hakumtaja Mama Anyesi.

Ijumaa, 2 Agosti

Vumbi jekundu tangu asubuhi, milima haionekani. Kisima cha juu kimekauka.

Alhamisi, 8 Agosti

Shaban amepata kazi kwa fundi wa Tabora. Ataondoka kwa gari la moshi tarehe ishirini na saba. Amesema hatarudi. Nilipita dukani nikamwona anakunja vitambaa vyake. Nilitaka kumwambia hapo hapo. Nikapita, kwa kuwa maneno hayo si yangu.

Jumapili, 11 Agosti

Nilikwenda na Mama Anyesi mjini. Wale wawili waliketi kwenye mkeka mmoja. Nilitaka kutoka, wakasema nikae.

"Waridi, nimenyamaza ulivyotaka," alisema Mama Anyesi. "Nimekaa nyuma ya uongo wa watu, wewe unapigwa mawe na mimi napewa kiti. Sasa mwanao anaondoka. Sitaki tena. Niruhusu."

"Atakuchukia."

"Anayo haki."

"Atakuja na kisu."

"Atanikuta nyumbani."

Bi Waridi alilia. Sikuwahi kudhani analia. Alifuta uso kwa vile vidole vyake vilivyopinda, na ilichukua muda. "Basi mwambie. Lakini usimwambie pembeni. Mlinitaja mbele ya watu. Mbele ya watu ndiko atakakosikia."

Jumanne, 13 Agosti

Nilimpelekea Mwalimu ujumbe huo. Nilikuta amekaa darasani peke yake. Alisema hivi, naandika kama alivyosema: "Tangu Mzogole nikifumba macho naona lile jiwe la pili. Neno la kucheka nililitunga palepale, Loisi. Nilipenda jinsi walivyoshtuka." Kisha akaomba karatasi, akamwandikia akida kuomba ruhusa.

Jumatatu, 19 Agosti

Ruhusa imetoka: mkutano mmoja, mjini, mchana, na asitajwe vibaya mtu wa boma. Mtu wa akida atakuwepo.

Jumapili, 25 Agosti. Dodoma

Watu wa misheni walikaa upande mmoja wa uwanja, watu wa mjini upande mwingine, katikati nafasi ambayo hakuna aliyetaka kuikalia. Watu wa reli walisimama kwenye vyuma. Mtu wa akida alipewa kiti. Shaban alikuja, Mhindi wake ndiye aliyemsukuma, nimesikia. Alisimama nyuma kabisa, utepe wa kupimia shingoni.

Mwalimu alitangulia. "Mmesikia kutoka kwangu habari ya chuma chekundu," alisema. "Hakukuwa na chuma. Ulikuwa mwiko, na mara moja. Hakukuwa na kicheko. Nilivitia mimi. Yaliyobaki atasema mwenyewe, nami sitarudia neno lake hata moja." Akaketi chini, kwenye vumbi, katika ile nafasi ya katikati.

Mama Anyesi alisimulia. Alianza na Chiloleti, akaja kwenye mwiko, watu wakatikisa vichwa, wakidhani wanajua kinachofuata. Alipofika kwenye korongo aliinua uso. Ni mara ya kwanza kumwona akiwatazama watu. "Mtoto aliitwa Shaban," alisema. "Nilimweka juani."

Watu waligeuka nyuma, mmoja mmoja, kama upepo unavyoinamisha mtama. Shaban alisimama palepale, mkono ameshika utepe. Mama Anyesi aliendelea: mawe, kilima, kurudi, kamba juu ya tawi, maneno ya Bi Waridi, kitako cha bunduki. Hakusema Mdachi, alisema "wenye bunduki," na mtu wa akida alitazama viatu vyake. Alipomaliza alisema, "Nilihubiriwa kwamba nimemsamehe Waridi. Yeye ndiye aliyenisamehe, na mtoto wake akilia mikononi mwake jioni ile kwa mguu uliovunjika. Mimi ndiye niliyeuvunja."

Bi Waridi alisimama, kama ilivyo desturi yake. Tulisubiri neno lake. Mdomo ulifunguka, halikutoka.

Shaban alikuwa amekwisha kuondoka.

Jumatatu, 26 Agosti

Sheikh wa mjini amempelekea Mwalimu tende. Mwalimu hajui ampe nini. Wanne katika wale sitini wameacha mafundisho. Wanawake saba wapya wamekuja.

Jumanne, 27 Agosti

Nilikwenda stesheni. Gari la moshi lilifika, likajaza maji, likaondoka. Shaban hakuwemo. Hakuwepo dukani wala kwa mama yake. Mama Anyesi ameacha mlango wazi tangu Jumapili na anasuka kikapu akiuelekea.

Alhamisi, 29 Agosti

Shaban amekuja. Nilikuwepo, nasuka. Alisimama mlangoni, hakupiga hodi, uso umekonda. Hakuwa na kisu.

"Nionyeshe," alisema.

Mama Anyesi aliweka kikapu chini. "Ni mwendo wa siku nzima, baba."

"Nionyeshe mahali."

Jumamosi, 31 Agosti. Kwenye korongo

Tumefika saa nne asubuhi: wao wawili, mimi, na punda ambaye Shaban amekataa kumpanda. Bi Waridi hakuja. Alisema yeye alikwisha kungoja mahali hapo mara moja, inatosha.

Safari hii Mama Anyesi alipita njiani. Aliyaonyesha mawe. Ule mti umekatwa, kisiki kipo. Shaban aliinama akagusa jiwe moja, akauondoa mkono upesi. Lilikuwa la moto.

"Wewe ulifika wapi?"

Alimwonyesha kilima. Mguuni pake kuna mwamba mweupe. Kutoka tulipokuwa ulionekana mdogo kama kondoo.

"Kaeni hapa," alisema Shaban.

Akaanza kwenda. Tulimwangalia akipanda na kushuka kwa ule mguu, akishika matawi, mpaka akawa kitu cheusi kinachotikisika, kisha hatukumwona. Mama Anyesi alisimama juani muda wote. Nilimwambia akae kwenye kivuli cha punda, akakataa. Nadhani Shaban aliita kutoka kule, maana baadaye sauti yake ilikuwa imekauka. Sisi hatukusikia kitu.

Jua lilikuwa limepita utosi alipotokea tena. Miiba ilikuwa imemchana, shati limemganda. Alikuja moja kwa moja mpaka mbele ya Mama Anyesi, akihema.

"Ni mbali," alisema. "Nilidhani utanionyesha hapo karibu. Ni mbali sana."

"Ndiyo."

"Na kamba ulijua iko huku."

"Nilijua."

Alitazama kule alikotoka. "Kwenda nilikwenda kwa hasira, sikuchoka. Kurudi ndiko kumenichosha." Kisha akaketi kwenye mchanga, nikampa kibuyu. Alikunywa nusu akampa Mama Anyesi. Naye akanywa.

Jumanne, 3 Septemba

Cherehani imerudi barazani kwa Bi Waridi. Nimeisikia nikiwa bado kona ya pili. Hawazungumzi sana. Bi Waridi alikuwa anamwambia mwanawe unga wa leo una mchanga.

Jumatano, 11 Septemba

Mwalimu aliuliza kama tumalizie vijiji vilivyobaki kabla ya mvua, sasa akida amelegea. Mama Anyesi alisema lazima turudi Mzogole, kwa kuwa pale tulipanda kitu kibaya. Shaban, bila kuacha kushona, alisema, "Basi tutakwenda wote. Mkifika kwenye habari ya korongo, mtaniachia mimi nisimulie."

Jumapili, 22 Septemba. Mzogole

Uwanja uleule. Watu walikuwa wachache, na hakuna aliyetusalimu vizuri. Bi Waridi aliketi mbele, kovu jipya juu ya jicho, na yule kijana aliyepiga kelele siku ya mawe alikuwa amesimama hatua kumi kutoka kwake, mikono nyuma.

Mama Anyesi alisimulia mpaka korongoni, akaketi. Shaban akainuka, akatembea hadi katikati ya uwanja ili wote waone anavyotembea.

"Mtoto mwenyewe ni mimi," alisema. "Mama zangu wako hapa wote wawili. Ulizeni mnachotaka."

Hakuna aliyelia. Mama wa Chiloleti aliuliza kwanza, kutoka alipokaa, kichwa kimeinama upande wa sauti. Kisha wazee. Kisha yule kijana alileta mikono yake mbele, mitupu, akauliza jambo lake. Waliuliza yote ambayo mimi niliuliza na mengi ambayo sikuwahi kuyafikiria, nao wakajibu, zamu kwa zamu. Penseli imeisha kabla ya maswali.